Sura ya Tano: Shule za Makasisi, Kutoka Kiungani hadi Lwandai

Tarehe 2 Novemba 1924 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alifariki dunia Hegongo, jirani na Magila, katika nchi ya Wabondei. Alikuwa na umri wa miaka 53. Walimzika Magila, mahali ambapo wenyeji mpaka leo wanapaita Msalabani, kwa jina la kanisa la Msalaba Mtakatifu. Vitabu vya historia humtaja Weston kwa mambo makubwa: alivyowashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi baada ya mkutano wa Kikuyu wa 1913, na kijitabu alichoandika mwaka 1920 kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe ilipotaka kuwafanyisha Waafrika kazi ya lazima. Hayo yana uzito wake. Hapa namtaja kwa jambo lisilosimuliwa sana. Aliingia Unguja mwaka 1898, na mwaka uliofuata akakabidhiwa chuo cha teolojia cha Mtakatifu Marko kule Mazizini. Tangu 1901 hadi alipofanywa askofu mwaka 1908 alikuwa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Miaka yake kumi ya kwanza katika Afrika, basi, karibu yote aliimalizia darasani na bwenini, akiishi na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu na makasisi.

Kusomea upadre au uchungaji hakufanani na kusomea sheria wala uhasibu. Mwanafunzi wa uhasibu akifaulu mitihani yake amemaliza. Hakuna atakayemuuliza kama anasali, kama ana deni dukani, kama nyumba yake ina amani. Kwenye chuo cha teolojia hayo yote ni masomo, na ripoti inayopelekwa kwa askofu ina mambo ambayo hayamo kwenye karatasi ya mtihani: anavyopokea maonyo, anavyozungumza na mpishi, anavyokaa na mgonjwa asiye na shukrani. Kwa sababu hiyo mahali kilipo chuo, lugha inayosemwa bwenini na watu wanaopita nje ya ua humjenga mwanafunzi sawa na mihadhara. Nikiifuatilia historia ya vyuo vilivyowalea watumishi wa Kanisa katika pwani ya Tanga na milima iliyo nyuma yake, naona jambo moja likijirudia. Vyuo hivyo vilizaa matunda vilipomlea mwanafunzi katikati ya watu atakaowahudumia, kwa lugha yao na mbele ya majirani zao. Vilipomtoa humo, vilipungukiwa.

Historia yenyewe inaanzia ng'ambo ya maji. Agosti 1864 Askofu William Tozer na Padre Edward Steere waliteremka Unguja. Misheni yao, UMCA, iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya kumsikiliza Livingstone, ilikuwa imetoka kushindwa vibaya katika nyanda za juu za mto Shire, ambako askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao watano ndio darasa la kwanza. Hawakuchaguliwa na parokia yoyote wala hawakuwa na barua ya mapendekezo. Walikuwa watoto waliotengwa na mama zao. Shule yao ikakua, ikawekwa Kiungani, kusini kidogo ya mji, na mmoja wa wale watano, John Swedi, akapewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury kuendelea, akapewa ushemasi mwaka 1886 na upadre mwaka 1890. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja la upadre.

Kuna kitabu kinachotuwezesha kuwaona wanafunzi hao kwa karibu. Mwalimu wao A. C. Madan, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi zake, aliwataka wavulana waandike wenyewe jinsi walivyokamatwa na kufikishwa pwani. Maandishi hayo aliyatafsiri na kuyachapisha London mwaka 1887. Ndani yake mtoto anaeleza vita kijijini, njaa ya njiani, kuuzwa mkono kwa mkono, harufu ya jahazi, halafu meli ya Waingereza. Walitoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na makabila mengine, na wengi wao Kiswahili walikuja kukisoma pwani. Lakini hiyo ndiyo lugha waliyoitumia kueleza jambo zito kuliko yote yaliyowapata. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ikaanza kuchapisha jarida lake la Kiswahili, Msimulizi, ambamo wanafunzi na walimu waliotoka hapo waliandikiana habari za vituo vyao. Shule ya makasisi ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo Mwafrika aliandika gazeti kwa Kiswahili. Jambo hili halipewi nafasi ya kutosha tunapohesabu mababa wa uandishi wetu.

Steere, aliyekuja kuwa askofu baada ya Tozer, alikuwa na msimamo ambao leo unaonekana wa kawaida lakini wakati ule haukuwa hivyo: mtumishi wa Kanisa katika Afrika asomeshwe kwa lugha ya Kiafrika, na vitabu vyake vichapwe hapohapo. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa Unguja, na waliopanga herufi ni vijana waliotoka utumwani. Katika utangulizi wa kitabu chake cha sarufi cha 1870, Steere anawashukuru waliomsaidia, na kati yao yumo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Zanzibar, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili safi. Kazi haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa matumizi ya ibada. Hata hivyo kadhi wa Kiislamu alikaa na padre Mwingereza kuzitafutia Zaburi maneno, na hakuna aliyeona haya. Msomaji aliweke hilo moyoni, kwa sababu miaka hamsini baadaye hali ya hewa ilibadilika.

Bara, misheni iliingia kupitia Bonde, nchi ya Wabondei. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Charles Alington alipanda hadi Vuga kuomba ruhusa kwa watawala wa Kikilindi, akapewa Magila. Kituo kilidorora kwa miaka kadhaa hadi alipofika Padre J. P. Farler mwaka 1875. Tangu hapo vijana wa Kibondei na wa Kishambaa wakaanza kuvushwa kwenda Kiungani kusoma. Hawa hawakuwa watumwa waliokombolewa. Walikuwa na baba, wajomba, mashamba na mahari ya kulipiwa. Likizo ilipofika walirudi nyumbani wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na wanajua kusoma, na wazee wakawauliza mambo ambayo mtoto yatima wa Kiungani hakuwahi kuulizwa: utatambika pamoja nasi au hutatambika? Utaoa mke wa pili ukirithi mjane wa kaka yako? Nadhani elimu yao ya dini ilikamilika palepale barazani, mbele ya maswali hayo. Petro Limo na Samwil Sehoza walikuwa miongoni mwa wana wa nchi hiyo waliofikia upadre. Magila nayo ikawa na mtambo wake, na katika miaka ya 1890 ikaanza kutoa jarida la Habari za Mwezi, ambalo walimu wa vijijini waliliandikia kuhusu nzige, njaa, ndoa, ubatizo na reli ya Wajerumani iliyokuwa ikijengwa kutoka Tanga na kufika Muheza mwaka 1896.

Kipimo cha masomo hayo kilikuja mwaka 1914. Vita vilipoanza, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Kwa makasisi na walimu wa Kiafrika wa UMCA ilikuwa vibaya zaidi. Walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, kwa sababu tu misheni yao ni ya Kiingereza. Walikamatwa, wakafungwa minyororo ya shingoni, wakafanyishwa kazi za sulubu, wakasukumwa bara kwa miguu. Wapo waliokufa. Waliofikishwa Tabora walipata nafuu Septemba 1916, Wabelgiji walipouteka mji huo. Padre Sehoza alikuwa mmoja wa wafungwa hao, na aliandika yaliyompata katika kitabu cha Kiswahili, Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa London mwaka 1921.

Kitabu hicho ni chembamba, na nakala zake leo ni za kutafuta kwa tochi. Ningependa kila anayesomea upadre Tanga akisome kabla ya kufungua kitabu chochote cha falsafa. Mwanafunzi wa teolojia hufundishwa juu ya mateso: mateso ya Ayubu, ya Yeremia, ya Paulo gerezani. Hufundishwa akiwa amekaa kwenye kiti, tumbo limeshiba uji. Sehoza alifundishwa hayo Kiungani, halafu akayapata shingoni mwake, kisha akarudi kuyaandika kwa lugha ambayo mama wa Kibondei asiyejua Kiingereza angeweza kusomewa akaelewa. Sijui kitabu kingine cha mtumishi wa Kanisa wa pwani hii kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tena kuna jambo ambalo vita viliwaonyesha wazi wakubwa wa misheni: Wazungu walipoondolewa vituoni, waliobaki huru kati ya walimu na waumini ndio walioendesha sala, wakawazika wafu na kuwafundisha watoto. Kanisa halikufungwa. Mtu akiuliza vyuo hivi vilileta faida gani, jibu moja ni miaka hiyo miwili.

Baada ya vita Tanganyika ilikuja chini ya Uingereza na masomo ya teolojia ya dayosisi ya Zanzibar yakawa na makao Hegongo. Hatua hiyo ya kuvuka maji ilikuwa na maana kubwa. Kisiwani mwanafunzi alikaa kwenye ua wa misheni, amezungukwa na mji usiomhitaji. Hegongo alikaa kati ya mashamba ya watu. Anayetoka Muheza leo kuelekea Magila anaiona nchi yenyewe: michungwa pande zote mbili za barabara, minazi, mihogo, migomba, na nyuma yake Usambara ya Mashariki imevaa mawingu. Watu wa kule ni wakulima, na mwanafunzi wa Hegongo aliwaona wakilima, wakiuguliwa, wakigombana mipaka, wakizika. Jumapili alipelekwa kwenye makanisa ya vijijini kusaidia. Aliyehubiri maneno makavu alijua siku hiyohiyo, maana wazee wa Kibondei hawafichi usingizi wao. John Sepeku, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Jimbo la Tanzania mwaka 1970, alipita Hegongo.

Sasa nirudi kwenye lile la kadhi na padre, kwa sababu hakuna somo lililo gumu zaidi katika pwani hii. Mwanafunzi wa teolojia wa Tanga hasomei katika nchi ya Wakristo. Anasomea penye adhana. Mji wa Tanga una vyuo vyake vya dini vyenye heshima, kama Shamsiyya ya Sheikh Muhammad Ayub, iliyolea masheikh waliotawanyika nchi nzima. Katika ukoo mmoja wa Kibondei au wa Kidigo utamkuta baba mdogo ni mwalimu wa madrasa na mpwa wake ni shemasi, na siku ya msiba wote wanakaa jamvi moja. Mtu anayekwenda kuwa padre huku bila kujua Uislamu ni nini, kwa dhati, atawaumiza watu.

UMCA iliujua ukweli huo, na iliujibu kwa njia mbili zilizopingana. Kanoni Godfrey Dale, aliyefanya kazi Bonde na Unguja kwa miaka mingi, alijifunza Kiarabu, akaitafsiri Kurani nzima kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1923. Ilikuwa tafsiri ya kwanza ya Kurani yote kwa Kiswahili. Lengo lake lilikuwa kuwapa walimu na makasisi wa Kiafrika silaha. Maelezo yaliyoambatanishwa yaliandikwa ili kushindana, na Waislamu waliyasoma hivyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri yake mwenyewe, na hatimaye Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikamilisha Qurani Takatifu, iliyotoka mwaka 1969. Kwa hiyo kitabu kilichotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa teolojia kilichangia kuamsha maandiko ya Kiislamu ya Kiswahili ambayo leo ni hazina ya Waswahili wote.

Namheshimu Dale kwa bidii. Kujifunza Kiarabu hadi kutafsiri Kurani si mchezo, na ni heri padre aliyeisoma mara mia kuliko anayeikashifu bila kuifungua. Lakini alikosea nia. Mwanafunzi aliyefundishwa kuisoma Kurani akitafuta mahali pa kuipiga hawezi kukaa jamvini na baba yake mdogo. Njia ya pili, ile ya Steere kukaa na Sheikh Abdulaziz, ndiyo iliyofaa kuendelezwa, na ndiyo iliyoishi katika familia hata pale ilipokufa vitabuni. Angalia majina ya maaskofu wa Zanzibar na Tanga: Yohana Jumaa, na baada yake John Ramadhani. Ramadhani alizaliwa Zanzibar mwaka 1932, akafundisha na kuongoza chuo cha ualimu Korogwe, akawa mkuu wa chuo cha teolojia cha Mtakatifu Marko Dar es Salaam kati ya 1976 na 1980, kisha askofu, na tangu 1984 hadi 1998 Askofu Mkuu wa Tanzania. Hakuna aliyemtaka abadili jina la ukoo ili awe padre. Mkristo wa pwani halazimiki kujitenga na pwani, na huo ndio ushindi mkubwa wa Kanisa hili.

Milimani kuna historia nyingine, ya Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani waliojulikana baadaye kama Misheni ya Betheli walifika Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakapanda hadi Mlalo mwaka 1891, halafu wakaenea Vuga, Bumbuli na kwingineko Usambara. Nao walikuwa watu wa lugha. Vuga walikuwa na mtambo wa kupiga chapa uliowalisha Walutheri vitabu kwa miongo mingi. Karl Roehl, aliyeanzia kazi yake Usambara, aliitafsiri upya Biblia kwa Kiswahili akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Agano Jipya lilitoka 1930 na Biblia nzima 1937. Majina ya hao wasaidizi wawili yanastahili kutajwa kila linapotajwa la Roehl.

Lwandai, karibu na Mlalo, ndipo Walutheri wa Tanganyika walipoanzisha shule yao ya pamoja ya kuandaa wachungaji, mwaka 1947. Hebu fikiria kijana wa Kihaya kutoka Bukoba au wa Kihehe kutoka Iringa anapanda barabara ile ya kona kutoka Mombo akiwa na sanduku la bati, anafika kwenye baridi ya Lushoto na kukuta wenzake wanaozungumza Kishambaa, Kichaga, Kizaramo. Kiswahili kikawaunganisha, kama kilivyowaunganisha watoto wa Kiungani miaka themanini kabla. Mwaka 1954 chuo kilihamishiwa Makumira, karibu na Usa River chini ya Mlima Meru, na huko kikakua kuwa kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira.

Makumira iko nje ya mipaka ya sura hii, lakini kuna jambo moja lililotokea huko ambalo siwezi kuliruka. Katika miaka ya 1960 mwalimu mmoja Mmarekani, Howard Olson, aliwataka wanafunzi wake walete nyimbo za kwao: za mavuno, za harusi, za kubembeleza watoto. Nyimbo za kanisani wakati huo zilikuwa karibu zote za Kijerumani zilizovishwa maneno ya Kiswahili, na sauti zake zilipinda matamshi mpaka maneno yakapoteza maana. Wanafunzi wakaleta. Kutokana na kazi hiyo kikatoka kitabu cha Tumwimbie Bwana. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa, alitunga Mfurahini, Haleluya mwaka 1966 akiwa bado masomoni, kwa tuni ya Kihaya, na wimbo huo wa Pasaka sasa unaimbwa Ujerumani, Marekani na kwingineko kwa lugha nyingi. Mwalimu aliwauliza wanafunzi wanajua nini, badala ya kuanza na wasichokijua. Naona hiyo ni kazi bora kabisa iliyowahi kufanyika katika chuo cha teolojia Tanzania.

Makumira pia ilipokea wanawake kusoma teolojia miaka mingi kabla Kanisa halijawa tayari kuwabariki. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) uliruhusu mwaka 1990. Walisoma Kiebrania na Kigiriki kama wenzao wa kiume, wakafaulu, wakarudi nyumbani kuwa walimu wa dini shuleni au wainjilisti, wakisubiri. Uvumilivu wao nao ni elimu ya Kanisa, na haujaandikwa inavyostahili.

Kwa Wakatoliki wa jimbo la Tanga njia ni ndefu zaidi na imepangwa zaidi. Mvulana huanza seminari ndogo ya Mtakatifu Yosefu, Soni, akiwa bado anavunja sauti. Baada ya kidato cha sita na malezi ya awali anakwenda falsafa, labda Kibosho au Ntungamo, halafu teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho, na mwaka wa kazi za kichungaji parokiani. Waumini humwita frateri na humtazama kwa macho mengi. Jimbo halina seminari kuu yake, kwa hiyo anayeandaliwa kuwahudumia Wadigo na Wasegeju wa ufukweni huishi miaka mingi mbali na bahari. Faida ipo: anazijua pembe za nchi na ana marafiki wa kila kabila. Hasara nayo ipo, na inafanana na ile ninayotaka kuieleza sasa.

Twende kwenye chuo chochote cha teolojia cha siku hizi, cha Kianglikana au cha Kilutheri. Kengele inalia kabla jua halijachomoza. Sala ya asubuhi, kisha kufagia na kumwagilia bustani, kisha chai. Saa mbili darasani: Agano la Kale, historia ya Kanisa, maadili, hubiri. Alasiri kuna kazi za mikono, mifugo, mboga, halafu mpira. Nyumba za wenye ndoa ziko pembeni, na wake zao wana masomo yao ya ushonaji, afya na kuongoza vikundi vya akina mama. Wanafunzi wengi si watoto. Ni watu wazima wenye miaka thelathini au arobaini, waliokuwa wainjilisti au walimu wa vijijini, wameacha shamba kwa kaka na karo inalipwa nusu na dayosisi, nusu na mitaa, nusu nyingine wanaijua wenyewe. Wengine hawawezi kuacha nyumba kabisa, na kwao kuna Theolojia kwa Enezi: vijitabu vya kujisomea, kundi la kukutana kila wiki, mwalimu anayezunguka kwa pikipiki.

Cheti husomwa kwa Kiswahili. Shahada husomwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya elimu ya juu nchini. Hapo ndipo pana tatizo. Mchungaji mwenye shahada hujifunza miaka mitatu au minne kufikiri mambo ya Mungu kwa Kiingereza, anaandika tasnifu yake kwa Kiingereza, halafu anapelekwa Pangani au Mkinga kuhubiri kwa Kiswahili kwa watu waliozaliwa nacho, wenye methali, mafumbo na mashairi ambayo hakuwahi kuulizwa chuoni. Daftari zake haziwezi kumsaidia. Wanachofanya wengi wao ni kurudia mahubiri waliyoyasikia utotoni, na elimu yote ile inabaki kabatini. Wanaotetea Kiingereza wana hoja: maktaba ya teolojia ya dunia iko kwa lugha hiyo, na Kijerumani, na msomi wa Tanga asifungiwe nje. Nakubali asome kwa Kiingereza. Sikubali kwamba kusoma kwa Kiingereza kunamzuia kuandika kwa Kiswahili. Vijana wa Kiungani waliandika mwaka 1888, Sehoza aliandika 1921, Kyamanywa alitunga 1966. Hawakuwa na kompyuta wala digrii.

Ugumu wa vitabu ni wa kweli. Ukiingia maktaba nyingi za vyuo vya cheti utakuta rafu za Kiingereza zilizotolewa kama msaada, nyingi zimepitwa na wakati, na rafu fupi ya Kiswahili ambayo kila mwanafunzi anaipigania wiki ya mtihani. Vijarida vya Magila na vitabu vya Vuga havimo. Vipo London, vipo Ujerumani, vimetunzwa vizuri, na wajukuu wa waliovitunga hawajawahi kuviona.

Kwa hiyo nina ombi kwa maaskofu, wakuu wa vyuo na waumini wanaochangia karo. Tasnifu ya kila mwanafunzi wa shahada ya teolojia iambatane na sura moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mtaa wake, ikachapwe, isomwe. Somo la Uislamu katika vyuo vyetu lifundishwe walau sehemu yake na sheikh anayeheshimika, naye alipwe kama mhadhiri mwingine yeyote. Na dayosisi zetu ziombe rasmi nakala za Habari za Mwezi, Msimulizi na kitabu cha Padre Sehoza, zichapwe upya na kuwekwa katika kila chuo kinachoandaa watumishi kuanzia Tanga hadi Lushoto. Gharama yake haifiki bei ya gari moja la askofu.